Nyota ya Mpingo na Zana za Pamoja za Kusomea Spektra

Tarehe 17 Desemba 2019 Umoja wa Kimataifa wa Wanafalaki ulitangaza majina mapya ya nyota na sayari yaliyopendekezwa na wananchi wa nchi mbalimbali, kwa kuadhimisha miaka 100 ya umoja huo. Tanzania ilipewa nyota iliyokuwa ikijulikana kwa namba ya orodha tu, yaani WASP-71, pamoja na sayari moja inayoizunguka. Nyota hiyo sasa inaitwa Mpingo, na sayari yake Tanzanite. Majina haya hayahitaji maelezo kwa msomaji wa nchi hii: la kwanza ni la mti uliowapa wachongaji wa Kimakonde sifa yao, na la pili ni la jiwe lichimbwalo Mererani.

Mpingo imo katika kundi la nyota liitwalo Nyangumi, karibu sana na ikweta ya anga. Kwa mtu aliyesimama Njombe mjini, penye latitudo ya nyuzi 9 na theluthi kusini ya ikweta, nyota hiyo hupita kiasi cha nyuzi 10 tu kaskazini ya utosi. Mwishoni mwa Oktoba, kabla mvua hazijaziba anga ya nyanda za juu, hufika hapo juu usiku wa manane. Hata hivyo hakuna jicho la binadamu liwezalo kuiona bila ya darubini, kwani nuru yake ni hafifu mno. Ile inayofika duniani leo ilianza safari zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Na sayari yenyewe haijapata kupigwa picha hata kwa darubini kubwa kuliko zote.

Basi imejulikanaje? Kwanza, kamera za mradi wa WASP, ambao mojawapo ya vituo vyake viwili ilikuwa Sutherland huko Afrika Kusini, ziliona nuru ya nyota ikipungua kidogo kila baada ya siku 2.9. Kisha spektrografu iitwayo CORALIE, iliyofungwa kwenye darubini ya Waswisi huko La Silla nchini Chile, ikapima mwendo wa nyota na kukuta kwamba inayumba, ikiijia dunia na kuikimbia kwa kipindi kilekile. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013: sayari yenye uzito wa zaidi kidogo ya mara mbili ya Mshtarii, iliyoikaribia sana nyota yake.

Baina ya nuru iliyoingia katika darubini na namba iliyochapishwa kuna kitu kisichozungumzwa sana katika vitabu vya shule, nacho ni programu ya kompyuta iliyoisoma ile nuru. Makala hii yahusu programu za namna hiyo: zinafanya kazi gani, kwa nini wanafalaki waliamua kuzitengeneza kwa ushirika, na kwa nini jambo hilo linawahusu wanafunzi wa Njombe na Makambako kama linavyowahusu maprofesa wa Geneva.

Spektra na mwendo wa nyota

Nuru ya jua ikipita katika prizimu hutawanyika na kufanya rangi za upinde wa mvua. Mtawanyiko huo ndio spektra. Mwaka 1814 Joseph Fraunhofer wa Ujerumani aliichunguza spektra ya jua kwa makini, akaona imekatwa na mamia ya mistari myeusi. Na kuanzia mwaka 1859 Gustav Kirchhoff na Robert Bunsen walionyesha kwamba kila elementi ina mistari yake isiyofanana na ya nyingine. Chumvi ya mezani ikinyunyizwa katika mwali wa moto hutoa rangi ya manjano kali kwa sababu ya sodiamu, ambayo mistari yake miwili mikuu iko penye urefu wa wimbi wa nanomita 589.0 na 589.6. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita.

Mistari hiyo haibainishi elementi peke yake. Hubainisha pia mwendo. Mtu aliyesimama kando ya barabara kuu pale Makambako huisikia honi ya lori linalomjia ikiwa kali, na mara lori linapompita sauti hushuka na kuwa nzito. Nuru nayo huwa hivyo hivyo. Nyota ikija, mistari yake husogea kidogo upande wa buluu. Ikienda, husogea upande wa nyekundu. Kanuni ni nyepesi: badiliko la urefu wa wimbi likigawanywa kwa urefu wenyewe ni sawa na kasi ya nyota ikigawanywa kwa kasi ya nuru.

Sayari ya Tanzanite huiyumbisha nyota ya Mpingo kwa kasi ya karibu mita 240 kwa sekunde. Kasi ya nuru ni takriban mita 300,000,000 kwa sekunde. Kwa mstari ulio penye nanomita 500, hesabu ni 500 × 240 ÷ 300,000,000, yaani nanomita 0.0004. Spektrografu ya CORALIE yenyewe haiwezi kutenganisha mistari miwili iliyoachana kwa chini ya kama nanomita 0.01. Kwa hiyo jambo linalotafutwa ni dogo mara 25 kuliko kitu kidogo kabisa ambacho chombo kinaweza kukibainisha. Ni kama fundi mwenye ufito wa mita moja usio na alama zozote, akatakiwa apime sentimita 4. Linawezekana kwa sababu spektra ya nyota ina maelfu ya mistari, na yote husogea pamoja. Programu huitazama yote kwa mkupuo mmoja, kama mtu anayetelezesha kiolezo chenye matundu mengi juu ya spektra mpaka matundu yaangukie mistari barabara.

Kutoka picha hadi namba

Mwanafunzi asidhani kwamba chombo hutoa kasi ya nyota moja kwa moja. Kinachotoka ni picha, na picha hiyo ni jedwali la namba tupu: kila pikseli ina hesabu ya nuru iliyoipata. Hesabu hiyo haiaminiki bado. Kihisi cha kamera hutoa namba fulani hata kikiwa gizani, nayo ni lazima iondolewe. Pikseli hazifanani kwa wepesi wa kuhisi, kwa hiyo hupigwa picha nyingine ya mwanga sawia, na ile ya nyota hugawanywa kwa hiyo. Miali kutoka anga za mbali huipiga kamera na kuacha vidoa ving'aavyo ambavyo programu isiyo makini huweza kuvidhania kuwa mistari. Mwanga wa mwezi umebeba spektra ya jua, nao hujipenyeza. Huo nao hutolewa.

Baada ya usafi huo inakuja hatua iliyo moyo wa kazi nzima, yaani kupatanisha pikseli na urefu wa wimbi. Pikseli ya 1,204, mathalani, ni nanomita ngapi? Jibu hupatikana kwa kumulika chombo kwa taa ambayo mistari yake inajulikana. CORALIE hutumia taa ya thoriamu na agoni. Kosa la nanomita 0.0004 hapa linatosha kuizua sayari isiyokuwapo au kuifuta iliyopo.

Hatua ya mwisho ni kuondoa mwendo wa mpimaji mwenyewe. Dunia hulizunguka jua kwa kasi ya karibu kilomita 30 kwa sekunde, mara 125 ya kile kinachotafutwa. Tena hujizungusha. Mtu aliyeketi kwa utulivu Njombe mjini huwa anachukuliwa kuelekea mashariki kwa kasi ya mita 459 kwa sekunde; huko La Silla, kwa kuwa ni mbali zaidi na ikweta, kasi ni mita 406 hivi. Mwendo wa kujizungusha tu unaushinda mwendo wote wa Mpingo. Programu isiyojua darubini ilikuwa wapi, na saa ngapi barabara, haiwezi kutoa jibu lolote la maana.

Ni dhahiri sasa kwamba hizo hatua si kazi ya pembeni. Mwaka 1995 Michel Mayor na Didier Queloz walitangaza sayari ya kwanza kugunduliwa nje ya mfumo wetu ikiizunguka nyota inayofanana na jua, ugunduzi uliowapatia sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 2019. Spektrografu yao, ELODIE, ilikuwa na programu iliyosoma spektra papo hapo, darubini ingali inafanya kazi. Huko California, Geoffrey Marcy na Paul Butler walikuwa wakikusanya spektra tangu mwaka 1987, lakini uchambuzi wake ulikuwa mzito kwa kompyuta walizokuwa nazo, na nyingi zilikaa bila kusomwa. Waliposikia habari kutoka Uswisi waliharakisha kuzisoma, na Januari 1996 wakatangaza sayari mbili. Nuru ya nyota zile mbili walikuwa nayo tayari; kilichokosekana ni usomaji.

Shule mbili na spektra mbili

Jambo hili laweza kujaribiwa darasani kwa gharama ndogo. Kipande cha diski ya muziki kina mifuo iliyoachana kwa maikromita 1.6, yaani kama mifuo 625 kwa kila milimita, nacho hutawanya nuru vizuri. Kikitiwa ndani ya boksi jeusi lenye mwanya mwembamba upande mmoja na tundu la kamera ya simu upande wa pili, spektrografu imekamilika. Yatakiwa taa ya tyubu ya aina ya zamani, kwa kuwa ndani yake mna mvuke wa zebaki wenye mistari inayojulikana: wa buluu penye nanomita 435.8 na wa kijani penye 546.1. Taa mpya za LED hazifai kwa kazi hii, kwani spektra yake haina mistari ya kushikilia. Tyubu isivunjwe, kwa sababu zebaki ni sumu. Na chombo kisielekezwe kwenye jua kwa jicho.

Na ichukuliwe kwamba shule moja iko Njombe na nyingine Makambako, kilomita kama 60 kaskazini yake, na kila moja imejitengenezea boksi lake na kuandika programu yake. Wote wanapima mwali wa chumvi. Katika picha ya Njombe mstari wa buluu wa zebaki umeangukia pikseli 212 na wa kijani pikseli 580. Tofauti ni pikseli 368 kwa nanomita 110.3, kwa hiyo kila pikseli ni nanomita 0.2997. Mstari wa manjano wa sodiamu uko pikseli 723. Hesabu yatoa nanomita 589.0, jibu la kuridhisha kwa chombo cha boksi. Mistari miwili ya sodiamu haitengani hapo, wala isitarajiwe kutengana.

Makambako nao wana picha yao. Mstari wa kijani uko pikseli 402, wa buluu pikseli 843, na wa sodiamu pikseli 230. Kila pikseli ni nanomita 0.2501, na hesabu yatoa 589.1. Shule zote mbili zimefaulu.

Shida huanza pale mwalimu wa Njombe anapoomba picha ya Makambako ili aisome kwa programu ya wanafunzi wake. Programu ile iliandikwa na watu waliojua kwamba buluu iko kushoto. Lakini Makambako waliishika simu kinyume, na kwao buluu iko kulia. Programu haitalalamika. Itachukua pikseli 230, itazidisha na kujumlisha kama ilivyofundishwa, na kutangaza kwamba sodiamu iko penye nanomita 441.2, yaani katika buluu. Mwanafunzi aliyeuona mwali kwa macho yake anajua kwamba ulikuwa wa manjano, naye atacheka. Katika nuru ya Mpingo hakuna mtu aliyeona kitu kwa macho, wala hakuna wa kucheka.

Saa nayo ina mtego wake, na kwa wasemaji wa Kiswahili mtego huo ni mkubwa zaidi. Mwanafunzi ameandika katika daftari: saa 3.00 usiku. Kwa saa ya kimataifa wakati huo ni 18:00, kwa sababu saa 3 usiku ni 21:00 ya Afrika Mashariki, nayo imetangulia saa ya kimataifa kwa saa 3. Programu ya mgeni ikisoma 3:00 kama ilivyoandikwa, itakosea kwa saa 15. Kipindi cha sayari ya Tanzanite ni siku 2.9, yaani karibu saa 70. Saa 15 ni zaidi ya sehemu moja ya tano ya mzunguko mzima. Katika muda kama huo nyota yaweza kutoka kwenye kasi yake kubwa kabisa hadi kukaribia kutulia. Na tarehe? Usiku wa kuamkia Jumamosi ni Ijumaa kwa mmoja na Jumamosi kwa mwingine. Hapana mmojawapo aliye mjinga katika mfano huu. Kila shule ilijua mambo yake vizuri, lakini mambo hayo yalibaki vichwani mwa watu badala ya kuandikwa ndani ya faili.

Upana wa reli

Watu wa Makambako wana mfano wa jambo hili mjini mwao. Reli ya TAZARA, iliyojengwa miaka ya 1970 hadi 1975 na kupita hapo kuelekea Zambia, ina upana wa milimita 1,067. Reli ya Kati ya zamani, ile ya kwenda Tabora na Kigoma, ina upana wa milimita 1,000. Tofauti ni milimita 67, chini ya upana wa kiganja. Lakini kwa ajili ya kiganja hicho behewa la reli moja haliwezi kupita juu ya reli nyingine, na Kidatu palijengwa kituo maalumu cha kushushia mizigo kutoka mabehewa ya upande mmoja na kuipakia katika ya upande wa pili.

Wanafalaki walikuwa na vituo vya kushusha na kupakia vingi kupita kiasi. Kufikia miaka ya 1970 kila kituo kikubwa cha darubini kilikuwa na kompyuta yake, na kila kompyuta ilihifadhi namba kwa mtindo wake. Mwaka 1979 wataalamu wa Marekani na Ulaya walikubaliana juu ya muundo mmoja wa faili ulioitwa FITS, ukachapishwa mwaka 1981 na kuidhinishwa na Umoja wa Kimataifa wa Wanafalaki mwaka 1982. Tanzania haikuwamo katika mazungumzo hayo. Nchini, uingizaji wa kompyuta ulikuwa umepigwa marufuku mwaka 1974.

Muundo wa FITS ni wa kawaida kabisa, na hiyo ndiyo sifa yake. Faili huanza na kichwa kilichoandikwa kwa herufi zinazosomeka na mtu: kila mstari una nafasi 80, kama kadi za matundu za wakati ule, na hueleza picha ni ya nini, ilipigwa lini kwa saa ya kimataifa, kwa muda gani, na pikseli zahesabiwa kutoka upande upi. Namba zenyewe hufuata nyuma. Faili hukatwa katika mafungu ya baiti 2,880, namba iliyochaguliwa kwa sababu yagawanyika bila baki kwa vipimo vya kompyuta za aina zote zilizokuwapo. Iliongezwa pia kanuni moja ya hekima: muundo waweza kukua, lakini badiliko lolote lisifanye faili la zamani kuwa batili. Faili la mwaka 1981 lasomeka leo. Ni mafaili mangapi ya ofisi, ya miaka michache tu iliyopita, yawezayo kusemwa hivyo?

Makubaliano juu ya reli, lakini, si garimoshi. Zilihitajika programu za kufanya kazi. Uingereza ilianzisha mradi wa Starlink mwaka 1980, na kituo cha Kitt Peak huko Arizona kikaanza IRAF mwaka 1981. Ulaya nayo ikawa na MIDAS. Kwa miaka mingi mwanafunzi wa falaki alijifunza mojawapo ya hizo kama fundi ajifunzavyo randa. Kisha fedha zikakatika. Starlink ilifungwa mwaka 2005, na uendelezaji rasmi wa IRAF ukasimamishwa mwaka 2013, ingawa watumiaji waliamua kuzitunza wenyewe ili zisife. Mtu anayeweka maisha yake ya kazi juu ya programu ambayo hawezi kuirekebisha amejenga kwenye kiwanja cha kupanga.

Mwaka 2011 ukaanza mradi wa Astropy, ambao ni mkusanyiko wa zana katika lugha ya kompyuta iitwayo Python. Wakati huo vikundi kadhaa vilikuwa vimeandika, kila kimoja peke yake, programu zinazofanya mambo yaleyale: kusoma FITS, kubadili saa, kukokotoa mahali pa nyota. Waliamua kuziunganisha. Msimbo wake uko wazi kwa kila mtu kuusoma, kuunakili na kuubadili bila malipo. Anayetaka kuongeza jambo hulipeleka likasomwe na mwingine, na kabla ya kukubaliwa hupitishwa katika majaribio ambayo kompyuta huyafanya yenyewe, ikilinganisha majibu mapya na yale yanayojulikana kuwa sahihi. Hesabu ile ya mwendo wa mpimaji wa Njombe imo humo. Hutolewa kwa kutaja latitudo, longitudo, mwinuko, saa na nyota. Zana za spektra hasa zimejengwa juu ya msingi huo.

Hatari ya zana moja

Haifai kusifu tu. Zana inayotumiwa na wote, ikiwa na kosa, hueneza kosa hilo kwa wote, na majibu yakifanana watu hudhani wamethibitishiana. Wapimaji wawili waliotumia programu moja ni kama mashahidi wawili waliosimuliwa habari na mtu yuleyule. Kwa sababu hiyo vipimo vyenye uzito hurudiwa kwa njia mbili zilizoandikwa mbalimbali, na programu hupewa spektra ya kubuni ambayo kasi yake inajulikana tangu mwanzo ili ionekane kama itaipata.

Hatari ya pili ni ya darasani. Mwanafunzi aliyepewa amri moja ya kubonyeza hupata namba bila kujua ni wapi ingeweza kuharibika. Aliyepata kupatanisha pikseli na nanomita kwa kalamu, kwa mistari miwili ya zebaki, ataiheshimu zana na pia ataishuku inapostahili. Mwalimu asiharakishe kufika kwenye kompyuta.

Na kuna programu ambayo wengi huitumia bila kujua kwamba ni programu. Simu, kabla ya kuhifadhi picha, hujiongezea mwangaza, hulainisha na kukoleza kingo, na haisemi imefanya nini. Mstari hafifu waweza kupotea humo, na urefu wa milima miwili katika spektra usilinganike tena. Inapowezekana simu ifungwe mipangilio ya kujirekebisha, na ihifadhi picha ghafi. Hapo ndipo tofauti ya zana ya wazi na zana iliyofungwa inapoonekana: kosa katika ya wazi laweza kutafutwa, lakini katika iliyofungwa mpimaji hubaki kukisia.

Astropy na wenzake hutunzwa kwa sehemu kubwa na watu wanaofanya kazi hiyo pembeni ya ajira zao. Hawahitaji tu waandishi wa msimbo. Wahitaji wasomaji wanaojaribu maelezo na kusema wapi hayaeleweki, na watu wa lugha. Maelezo ya Kiswahili ya namna ya kusoma spektra moja, yaliyojaribiwa na kidato cha tatu huko Makambako mpaka yakaeleweka, yangekuwa mchango halali kabisa. Nyota ina jina la Kiswahili. Vipimo vya kasi yake vimechapishwa, na zana za kuvisoma ni za bure. Kinachobaki ni mtu wa kukaa navyo.

Kazi ya darasa

Shule mbili zilizo tayari kushirikiana zianze kwa kuandika, kabla ya kupima chochote, kichwa cha faili kitakachotumiwa na wote: jina la mahali, latitudo, tarehe na saa ya kimataifa, chanzo cha nuru, muda wa kufungua kamera, upande ilipo buluu, na mistari miwili ya zebaki iliyotumika na pikseli zake. Kisha kila shule isome faili la mwenzake bila kuuliza swali lolote kwa simu. Kila swali ambalo mtu atajikuta anatamani kuuliza liongezwe kuwa mstari mpya katika kichwa.

Katika picha ya Njombe iliyoelezwa hapo juu umeonekana pia mstari wa zambarau penye pikseli 108. Wanafunzi watafute urefu wake wa wimbi, walinganishe na mistari ya zebaki katika majedwali, na waseme kwa nini jibu halilingani kabisa. Wabadili saa hizi ziwe za kimataifa pamoja na tarehe zake: saa 4.30 usiku, Njombe, tarehe 9 Oktoba. Na saa 8.00 usiku huohuo, ambao saa ya ukutani tayari yauita tarehe 10. Mwisho wakokotoe, kwa mstari wa nanomita 500, msogeo unaosababishwa na kasi ya kilomita 30 kwa sekunde ya dunia kulizunguka jua, kisha waamue kama boksi lao la diski lingeweza kuuona.